Mama Mkwe na Wageni wa Shamba

Mama mkwe ndiye huwafundisha wageni kukamua ng'ombe. Hushika vidole vyao laini kwa viganja vyake vilivyopasuka, akiviongoza kwenye chuchu na kubembeleza, "Taratibu, mgeni, usimvute kama kamba ya kisima." Maziwa yakichuruzika hucheka, nao hucheka naye. Tangu mvua ziwe za kubahatisha, shamba halilishi mtu tena. Wageni wanaolipa kuonja maisha ya shamba ndio mavuno. Ndiyo maana chumba kizuri kilikuwa chao, na mumewe aliyepooza akahamishiwa stoo, katikati ya majembe na magunia. "Vumilia, baba. Mgeni ni riziki," alimwambia akimfunika. Mzee akageuzia uso ukutani.

Asubuhi moja mkamwana wake alipeleka maji ya kumnawisha mzee, akamkuta ameshapoa. Alikwenda zizini, akamnong'oneza mama mkwe, "Mama, baba ametutoka." Mama hakugeuka. Alimaliza ndoo, akausifu mkono wa mgeni, kisha akawaelekeza wote kwenye mizinga ya nyuki, mwisho wa shamba. Mmoja, kamera shingoni, alisimama mbele ya stoo.

"Humu mna nini, mama?"

"Majembe tu, mwanangu."

Akauegemea mlango kwa mgongo, akitabasamu, hadi wa mwisho alipopita. Ndipo alipoporomoka polepole mpaka chini. Mkamwana akapiga magoti kando yake, akafunua kinywa kulia. Mama akamziba mdomo kwa kiganja kinachonuka maziwa.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Watasikia."