Perege Sita wa Baba

Maji yaliyolala yana harufu yake. Si uvundo, wala si harufu ya mvua; ni harufu nzito kidogo ya mchanga na majani mabichi, harufu ya kitu kinachoishi bila kelele. Kila ninapoinama juu ya sanduku la kioo la mjukuu wangu hapa Mandewa, harufu hiyo hunirudisha Kinampanda, kwenye nyumba yetu ya matofali mabichi, wakati Mwingereza alipokuwa bado anatutawala na mimi nina miaka kama tisa hivi. Wenzangu wakikumbuka utoto wao husema walikuwa na raha. Mimi nikikumbuka wangu, kinachonijia kwanza ni shingo kuuma.

Baba alikuwa mwalimu. Mwaka huo mwalimu mmoja wa Kizungu alikuwa anarudi kwao, akagawa vitu vyake. Wenzake baba walichukua viti, taa na masufuria. Baba akaja na sanduku la kioo lenye fremu ya mbao, kona zake zimezibwa kwa lami, amelifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba za katani na kulitembeza kwa miguu njia nzima, asithubutu kupanda. Mama alilitazama, akauliza linapikiwa nini. Baba akasema ni la kufugia samaki, wa kutazama, si wa kula. Mama alirudi jikoni, na kwa jinsi alivyokoroga uji siku ile nilijua ameshapiga hesabu ya safari za kisimani.

Mvua zilikuwa zimekatika mapema, mtama ukakauka ukiwa na vichwa vitupu. Maji tulikuwa tunayachimba kwenye mchanga wa korongo, chini ya kilima. Unachimba, unakaa, unasubiri yachuruzike, unachota kwa kata kidogo kidogo mpaka debe lijae, halafu unapanda nayo. Mama alikuwa na mimba ya miezi sita na alibeba debe zima. Mimi nilibeba kopo la galoni. Safari mbili kila siku, asubuhi na jioni. Lilipokuja lile sanduku ikaongezeka ya tatu, kila Jumamosi mchana, wakati wasichana wenzangu wamekaa kivulini wanasukana nywele.

Baba alikuwa ameelekezwa namna ya kuanza, na alifuata kila neno kama anayeandaa mtihani. Sanduku liliwekwa mbali na dirisha, jua lisilipige. Mchanga ulioshwa na kuoshwa tena mpaka maji yakatoka meupe, mama akasema mchanga huu unaoga kuliko watoto wake. Yakapandwa majani ya majini, likatiwa madebe manne ya maji, kisha likaachwa hivyo hivyo siku nane bila samaki hata mmoja, kwa sababu maji lazima yalale kwanza. Majirani walikuja kutazama maji. Mimi niliyeyabeba sikuwa na hamu ya kuyatazama.

Siku ya tisa baba aliondoka alfajiri kwa baiskeli kwenda Ziwa Kitangiri, akarudi kesho yake jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na debe lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na perege sita wadogo, urefu wa kidole. Hakuwamimina. Alililaza debe taratibu ndani ya sanduku, akawaacha wazoee, wakatoka mmoja mmoja wenyewe. Alikaa chini sakafuni kuwatazama na viatu vyake miguuni. Sikuwahi kumwona baba akifurahi hivyo, wala sikumwona tena, na ninalisema hili nikijua mwisho wake.

Kazi ya kuwalisha nilipewa mimi: pumba ya uwele, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, mara moja kwa siku. Kwetu mtu humpi chakula kwa ncha za vidole. Mgeni unamjazia sahani mpaka aisukume mwenyewe, hata kama nyuma ya mlango watoto watalala na uji. Shangazi, dada yake baba, alipotutembelea kutoka Ulemo na kuniona nanyunyiza, alimcheka baba waziwazi.

“Mwalimu, hawa unawafuga au unawaadhibu?”

Baba akamweleza kwa upole kwamba samaki hafi kwa njaa ya siku mbili, anakufa kwa shibe. Chakula kinachobaki kinaoza, maji yanageuka sumu, nao hawana pa kukimbilia. Shangazi alitikisa kichwa. Mimi nililiweka neno lile moyoni, na sikuliweka kwa nia njema.

Kila Jumamosi tulipunguza debe moja la maji ya zamani na kutia jipya, lililokwisha kulala wiki nzima. Yale ya zamani mama alikataa katakata yasimwagwe. Aliyapeleka nyuma ya nyumba kwenye mashina yake manne ya maboga, na maboga yale, katikati ya ukame, yalitoa majani mapana ambayo ndiyo yalikuwa mboga yetu karibu kila siku. Mimi nilikula ile mboga na sikufikiri inatoka wapi. Nilichofikiri ni Jumamosi. Nilimwona mama akisimama katikati ya mlima, mkono kiunoni, debe kichwani, anahema kwa mdomo, na nikawachukia wale samaki kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Zaidi kwa ajili yangu.

Ijumaa moja, baba akiwa shuleni na mama yupo nje anatwanga, nilichukua kibuyu cha pumba nikawamiminia. Nikamimina tena. Walikuja juu wote sita, wakala kwa fujo ya furaha, na nilisimama nikawatazama wakila. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa kama uji uliochacha. Wanne walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, wawili wanahema kwenye kona, midomo nje. Kabla ya saa sita nao wakafa.

Baba aliwatoa kwa kata, mmoja mmoja, akawapanga juu ya jani. Akaniuliza jana niliwapa kiasi gani.

“Kidogo,” nikasema.

Mama alikuwa mlangoni na kile kibuyu cha pumba mkononi. Alikuwa ameshaona kilivyoshuka. Alinitazama mimi, akamtazama baba aliyekuwa amechuchumaa na kata yake.

“Amewapa kama ulivyomfundisha,” akasema.

Baba akakubali. Alisema labda ni joto, labda ni maji ya korongo, labda ni yeye mwenyewe alikosea mahali. Alilirudia hilo la kukosea kwa wiki kadhaa, hata mbele ya wageni, na kila aliporudia nilitamani ardhi inimeze. Sanduku aliligeuza la kuhifadhia kunde. Hakuomba tena kitu cha namna ile kwa mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilikuwa tayari kivulini na wenzangu, nywele nusu zimesukwa, mama akaniita nichukue kopo langu. Nikamwambia samaki hawapo.

“Maboga yapo,” akasema.

Tulishuka korongoni. Tulichimba, tukasubiri, tukachota. Tukiwa tunapanda, akasimama pale anaposimama siku zote, akasema bila kugeuka, “Kama umechoka ungeniambia. Mimi pia nimechoka.” Kisha akaendelea kupanda. Maboga yalipata maji yale yale, debe lile lile, lakini hayakuwa tena maji ya samaki. Majani yakafifia, yakawa madogo, na kabla mama hajajifungua tulikuwa tunakula ugali na chumvi. Mdogo wangu alizaliwa salama. Mama alirudi korongoni kabla kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri.

Sasa baba na mama wote wawili wamezikwa Kinampanda, na baba alizikwa bila kuambiwa nilichowafanyia samaki wake. Hapa Mandewa bomba liko hatua tatu kutoka jikoni. Ndoo inajaa kabla sijanyoosha mgongo. Nilidhani maji yakiwa karibu uchovu ungeisha, lakini naona ulikuwa umeshahamia mahali pengine. Sanduku la mjukuu wangu lina mashine ndogo ya kupuliza hewa, na kila Jumamosi akipunguza maji namzuia asiyamwage. Nayachukua mwenyewe, taratibu, nayapeleka kwenye maboga yangu nyuma ya nyumba. Ananiambia, “Bibi, kaa basi, utachoka.” Juzi alifungua kopo la chakula cha samaki, akaniuliza awape kiasi gani.

“Kidogo,” nikasema, na nikasimama palepale nikaangalia mkono wake.