Yu Mur, mchemsha batiki aliyeivua karatasi ya chakula sumu yake

Saa kumi na mbili asubuhi, na Yu Mur tayari ana majivu hadi kwenye nyusi. Amesimama juu ya benchi la mbao, ameshika mwiko mrefu kuliko yeye, anakoroga sufuria ya shaba ambayo watoto watatu wangeweza kuogea ndani. Kinachochemka si nguo. Ni makaratasi: fomu za shule, barua za ofisini, mitihani ya mwaka juzi.

Povu la kijivu linapanda. Analichota kwa upawa na kulimwaga kwenye pipa. Linapanda tena, analichota tena.

"Huo ndio wino," anasema bila kugeuka. "Miaka yote tulikuwa tunaula."

Jina lake ni Murtinah, mwenye umri wa miaka 53, mkazi wa Pekalongan, pwani ya kaskazini ya Java. Mtaani ni Yu Mur, dada mkubwa, na wanamwita hivyo hata wanaomzidi umri. Kampuni yake changa ina wafanyakazi kumi na mmoja na inatengeneza kitu kimoja tu: karatasi ya kufungia chakula isiyo na wino, plastiki wala kemikali za kuzuia mafuta.

Anayemwona leo akitoa amri kwa sauti inayofika barabarani hawezi kuamini kwamba miaka minne iliyopita mji mzima ulimcheka, na ulikuwa na haki.

Kwa miaka kumi na tisa Yu Mur alikuwa kibarua kwenye karakana ya batiki. Wenzake walichora kwa nta, wengine walitia rangi. Yeye alikuwa wa mwisho: aliitumbukiza nguo kwenye maji ya moto yenye magadi mpaka nta yote itoke. Ujira wake ulikuwa rupia 65,000 kwa siku.

"Wachoraji walipigwa picha na wageni," anasema. "Mimi nilipigwa na mvuke."

Siku moja mwaka 2019 alirudi nyumbani na tempe za kukaanga, vipande vya soya iliyochachushwa, zimefungwa kwenye karatasi kuukuu kama wauzaji wengi walivyozoea. Mjukuu wake Kinasih, aliyekuwa na miaka sita, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma, na alikuwa akisoma kila kitu mpaka mifuko ya saruji.

"Mbah," akamwita bibi yake, "hapa pameandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye tempe. Lakini herufi zimegeuka nyuma."

Mtoto hakudanganya. Mafuta ya moto yalikuwa yameung'oa wino wa fomu ya ofisi fulani na kuugandisha kwenye unga wa tempe, mstari kwa mstari.

"Nilimpokonya mkononi," anakumbuka Yu Mur. "Nguo za watu nazichemsha zinatakata, mjukuu wangu namlisha fomu!"

Mwaka uliofuata wanunuzi wa batiki walipotea na karakana ikafungwa. Mwenye karakana hakuwa na cha kumpa kama kwaheri isipokuwa ile sufuria ya shaba. Majirani walimshauri aiuze kwa kilo. Alikataa katakata. Sufuria ile, anasema, ilikuwa na kazi moja tu duniani, kutoa kitu kisichotakiwa mahali kilipong'ang'ania, na yeye alikuwa ameshapata kitu cha kutoa.

Aliyemwelewa kwanza ni Dyah Palupi, mkemia wa miaka 31, binti wa mtaa huohuo. Dyah alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuacha kazi kwenye kiwanda cha vifungashio mkoa mwingine. Kazi yake kule ilikuwa kuchanganya dawa inayofanya karatasi ikatae mafuta.

"Dawa ile haiozi," anasema Dyah. "Ikiingia mtoni inakaa, ikiingia mwilini inakaa. Nilipojua hivyo, kila nikipita kwa mama ntilie nikawa nageuza uso, kama mtu mwenye deni."

Wawili hao walianza uani kwa Yu Mur: magadi, sabuni, upawa na maji mengi. Walichemsha makaratasi makuukuu mpaka yakawa rojo, wakaliosha wino na kulianika liwe karatasi mpya. Dyah alipeleka karatasi zao maabara ya Semarang mara tatu. Mara ya kwanza wino ulikuwepo. Mara ya pili yalibaki mafuta ya wino. Mara ya tatu, baada ya kuosha mara kumi na nne, jibu likaja: hakikuonekana kitu. Yu Mur alilia mbele ya kila mtu, na wala hakuona haya.

Akaikamata ile barua ya maabara, akakimbia nayo mpaka kwa Bu Rokayah.

Bu Rokayah, yaani Mama Rokayah, anauza wali wa megono karibu na stesheni ya treni, wali wa moto wenye mafenesi machanga na nazi juu yake. Anafunga mafurushi mia tatu kila asubuhi, na abiria wanayabeba mpaka Jakarta. Wauzaji wengine wanamtazama yeye: akikubali kitu, mji umekubali. Aliisoma barua, akaikunja, akairudisha.

"Karatasi ya maabara hailiwi, Mur. Yako inashika nazi?"

Haikushika. Iliinyonya nazi kama tambara la jikoni.

Hapo ndipo Yu Mur alipofanya kosa ambalo mtu wa Pekalongan tu ndiye angelifanya. Kwao, kitu kisichotakiwa kupenya kinazuiwa kwa nta. Ndivyo walivyolelewa. Dyah akiwa safarini, Yu Mur alichanganya nta ya nyuki na utomvu wa msonobari, kipimo kilekile cha batiki, akapaka karatasi mia tatu na kuzipeleka asubuhi kwa mbwembwe zote.

Wali wa moto ukakutana na nta. Nta ikayeyuka, mafurushi yakafunguka mikononi mwa watu, na harufu ya karakana ikajaa kibanda kizima. Hakuna mtu wa mji ule asiyeijua.

"Bu, leo tunakula megono au tunakula saruni ya batiki?" akauliza mwendesha baiskeli ya abiria mmoja.

"Heri saruni, inafulika," akadakia mwenzake.

Bu Rokayah hakucheka. "Mur! Nguo umezichemsha miaka kumi na tisa hujachoka, sasa umeona unichemshie na wateja wangu?"

Mganga hajigangi, walisema wahenga. "Mimi niliyelipwa miaka yote ile kuyeyusha nta kwa maji ya moto," anasema Yu Mur, akicheka mpaka anashika mbavu, "mimi huyuhuyu nikasahau kwamba nta inayeyuka!"

Wakati ule hakucheka. Kwa wiki mbili alikwenda sokoni kwa njia ya uchochoroni, maana watoto walikuwa wameshamtungia wimbo wa megono ya batiki. Alifikiria kuiuza sufuria.

Dyah aliporudi alikuta uani kunanuka nta, akawaka. "Bu Mur, si tulikubaliana kutoa? Mbona unaongeza?"

Swali hilo lilimkaa Yu Mur kichwani siku nzima. Jioni akakumbuka kazi ambayo karakanani hakuna aliyeijali. Kabla nguo haijaguswa na nta, hutiwa wanga, hukunjwa na kupigwa kwa nyundo za mbao juu ya gogo, mpaka nyuzi zake zishikamane.

"Nikamwambia Dyah, nguo iliyopigwa vizuri, hata rangi inapata taabu kupenya. Akaniangalia kama nimemwambia nimepata hazina."

Kwa Dyah ilikuwa hazina kweli. Nyuzi za karatasi nazo, zikipondwa muda mrefu, hukaza mpaka mafuta yanakosa tundu la kupita. Hakuna dawa inayohitajika, ni jasho tu. Wakaongeza nyuzi ndefu za mgomba na wanga kidogo wa muhogo, wakaanza kupiga. Walipiga rojo la karatasi kutwa, wakajaribu, ikavuja. Wakapiga siku mbili, ikavuja kidogo. Siku ya nne mikono ya Yu Mur ilikuwa na malengelenge, na tone la mafuta ya nazi likakaa juu ya karatasi limejikunyata, halina pa kwenda.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bu Rokayah alikubali karatasi moja tu.

"Mwanangu yuko Jakarta. Furushi hili litakwenda na treni ya asubuhi. Likifika kavu, tutaongea. Likifika linanuka saruni, mimi sikujui, wewe hunijui."

Akafunga wali uliotoka jikoni wakati uleule, megono juu, na tempe iliyokuwa bado inachemka mafuta. Jirani aliyekuwa anasafiri akalibeba. Yu Mur hakwenda nyumbani. Alikaa kibandani na Dyah mpaka saa saba mchana.

Simu ilipolia, Bu Rokayah aliiegemeza kwenye mtungi wa kaukau za uduvi, na kibanda kizima kikainama. Kwenye kioo cha simu, mwanawe Wirasto alitoa mpira uliolifunga furushi, akalifungua, akapangusa mgongo wa karatasi kwa kidole gumba. Akakinyanyua kidole. Kilikuwa kikavu.

"Nusa!" akaamuru mama yake.

"Inanukia megono, Mama."

"Nusa tena!"

"Megono, Mama! Niache nile, nina njaa!"

Kibanda kililipuka. Mwendesha baiskeli aliyeanzisha utani wa saruni alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Bu Rokayah aliinama chini ya meza. Aliinua rundo lote la karatasi zake za zamani na kuliendea jiko.

"Bu, usichome!" Dyah akapiga kelele. "Moshi wake nao ni sumu!"

"Basi chukua mwenyewe," akasema Bu Rokayah, na kumtupia mikononi. Kisha akamgeukia Yu Mur. "Kesho mia tatu. Usichelewe."

Leo wauzaji 140 wananunua karatasi hiyo, na karatasi 600,000 hutoka kila mwezi. Mashine ya mtumba imechukua nafasi ya nyundo. Karatasi moja inauzwa rupia 150, ghali kidogo kuliko ile ya dukani, na Yu Mur haombi radhi. Yeye hubaki na rupia milioni nne kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya ujira wa zamani. Povu la wino hukaushwa kwenye mapipa na kukabidhiwa gari la taka za sumu, kwa malipo. "Niitoe sumu kwenye chakula niitupe mtoni?" anauliza. "Nitakuwa nimefanya nini?"

Mwaka huu kamati ya mtaa wa Krapyak imemwagiza karatasi elfu kumi. Ni za siku ya saba baada ya Idi, mtaa unapokata keki yake kubwa ya wali wa kunata na kuwagawia maelfu ya watu. Wali wa kunata hauna huruma na karatasi, lakini Yu Mur ameshaanza kuujaribu.

"Nikiuweza huo," anasema, "naingia vibanda vya chakula vya shule zote za mji huu. Nataka watoto wasome vitabuni, si kwenye tempe."

Saa saba mchana Kinasih, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, anaingia na sare za shule. Bibi yake anampa furushi la tempe za moto. Mtoto analifungua, anachukua moja na kuigeuza nyuma na mbele kwenye mwanga, kama alivyozoea.

"Imeandikwa nini?" anauliza Yu Mur kutoka juu ya benchi lake.

"Hakuna kitu, Mbah."

"Basi kula."