Kigimbi cha Apolonia

Hebu mwone Apolonia Kalinga anavyoshuka kwenye bodaboda mlangoni pa kituo cha afya, huko Kilolo. Mguu mmoja una kiatu, wa pili umefungwa kanga, umevimba mpaka kifundo hakionekani. Hataki kushikwa mkono. Anaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye benchi, kisha anamwambia muuguzi Tekla, "Andika kwamba nimepigwa jiwe na shemeji yangu."

Na kweli jiwe alilisikia. Jana yake asubuhi alikuwa kwenye kinyungu chake, shamba la bondeni ambalo udongo wake haukauki hata kiangazi. Baridi ilikuwa kali, mwili haujachangamka, naye akaruka mfereji. Kitu kikampiga nyuma ya mguu, pa! Kugeuka, amesimama Gerson, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye tangu msiba anadai kinyungu kile kirudi kwao. Angemfikiria nani mwingine?

"Jiwe lenyewe liko wapi, shemeji?" Gerson aliuliza.

"Unalo mfukoni!"

Jirani yake Juliana alimkokota nyumbani, akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, akakiminya kigimbi kama anakanda unga wa maandazi. Kulipokucha mguu umekuwa gogo.

Pale kituoni Tekla alikibonyeza kigimbi taratibu. "Mama yangu, hakuna jiwe. Msuli umechanika. Wengi wakichanika hapo hugeuka kumtafuta aliyewapiga. Uliporuka, msuli ulijikaza huku unavutwa ghafla, nyuzi zake baadhi zikakatika, damu ikavujia ndani. Mkaukanda kwa moto, ikazidi."

"Basi nilale mpaka nipone?"

"Siku za mwanzo pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, inua mguu, usikandwe. Maumivu yakipungua, tembea kidogo kidogo. Nyuzi zinaungwa na kovu, na kovu lazima lizoeshwe kuvutwa. Ukilala mno linakakamaa, ukiharakisha linachanika tena."

Gerson alikuja kumpa pole. "Ila kwa umri wako, shemeji, mguu huo hauungi. Kinyungu niachie mimi."

"Mguu wangu ndio umekutuma?"

Uvimbe ulipoisha, kila asubuhi Apolonia alishika fremu ya mlango, akainuka kwa vidole vya miguu, akashuka polepole, akainuka tena.

"Unachungulia nini huko juu, dada?" Juliana alimcheka.

"Shamba langu."

Siku moja alibeba jembe kabla ya wakati. Hakufika hata njia panda, kigimbi kikamvuta. Akakaa chini, akakitukana, akarudi mlangoni kuanza upya. Hatimaye akaweza kuinuka kwa mguu ule peke yake bila kushika kitu, mbele ya Tekla, uso mkavu.

"Haya, kalime," Tekla alisema. "Anza na kipande kidogo."

Akashuka bondeni. Nusu ya kinyungu ilikuwa na matuta tayari, maharage yameota, na Gerson katikati, ameegemea jembe.

"Nimekusaidia, shemeji. Ila mbegu ni zangu."

"Na udongo ni wangu. Habari ya jiwe nilikusingizia, unisamehe. Habari ya kinyungu, toka."

Gerson alitoka, akasimama ng'ambo ya mfereji kuangalia jembe la Apolonia litaanzia wapi. Maharage yale yalikuwa yametoa majani mawili mawili, mazuri kwelikweli. Ungekuwa wewe, ungeyapalilia au ungeyang'oa?