Muuaji wa Kitabuni

Duncan huosha na kugeuza wagonjwa katika hospitali moja ya Minneapolis, lakini usimwambie hiyo ndiyo kazi yake. Kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kutafsiri filamu. Kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa wapangaji kwenye kitongoji cha New Hope, huzima sauti ya televisheni, hushika maikrofoni na kuwasimulia wazee filamu nzima kwa Kiswahili, kama wale watafsiri wa vibanda vya video nyumbani Kenya. Mdomo anao, hilo tumpe.

Jumamosi hiyo kiti cha mbele alikikalia Mama Mumbi, aliyetua juzi kutoka Nyeri kumkagua Duncan, mwanamume anayemtaka bintiye, Mumbi. Duncan akachagua filamu ya zamani ya mpelelezi wa kofia na sigara. Hakuwa ameitazama. Ya nini? Kitabu cha hadithi hiyo alikisoma chote kwenye basi.

"Mama, huyo mrembo wa glavu nyeupe usimwamini!" akanguruma. "Ndiye alimuua bwanake. Ngoja tu, atafungwa pingu ukiona."

Mama Mumbi akamkodolea macho yule mrembo filamu nzima, akimtukana kwa Kikuyu. Kumbe waliotengeneza filamu walimwonea huruma. Mwishoni pingu zikaingia mikononi mwa wakili wa marehemu, na mpelelezi akambusu mrembo.

Mumbi akafunika uso.

"Duncan," mama akauliza, "anambusu muuaji?"

"Hapana, Mama. Ana-check kama amekunywa pombe."

"Kwa mdomo?"

"Enzi hizo hawakuwa na mashine."

Wazee wakaangua kicheko. Duncan hakucheka. Alimpenda Mumbi kwelikweli, na alimwona akimponyoka hivi hivi kwa ajili ya kiherehere chake. Akaweka maikrofoni chini.

"Mama, ukweli ni kwamba hii filamu sijaiona. Nilisoma kitabu tu. Wamebadilisha muuaji."



"Babake Mumbi alikuwa mwongo kukushinda," Mama Mumbi akasema. "Lakini yeye alikuwa anachungulia kwanza. Binti nitakupa. Sasa rudisha nyuma, umfunge huyo mwanamke vile uliniahidi."

Duncan akaokota maikrofoni. Katika simulizi yake mpya, wakili aliachiliwa huru mchana huo huo, na mrembo akapelekwa jela huku bado anabusiwa.