Wimbo Ambao Haukuwa Kitabuni

Maganda ya kahawa yakioza yana harufu tamu na kali, kama uji uliochachuka ukatiwa asali, na kule Ruiru miaka ya hamsini, msimu wa mavuno, harufu hiyo ilikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Nilikuwa na miaka tisa. Kwa sababu ya vita vya msituni, serikali ilikuwa imetutoa kwenye mashamba yetu na kutubana katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Asubuhi walinzi walituhesabu langoni, tukateremka na akina mama kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu, na jua likianza kuteremka wakatuhesabu tena. Niliishi na dada ya baba yangu, Nyokabi, ambaye kwa desturi yetu Wakikuyu nilimwita Tata. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwanya, na hakujua kunong'ona. Hata akisali peke yake nyumbani, jirani aliitikia amina.

Mume wake alikuwa mpigaji kodiani, kile kinanda cha kukunjua na kukunja kifuani, aliyejulikana kwenye dansi zote kuanzia Ruiru hadi Thika. Serikali ilipomchukua kumpeleka kizuizini, aliacha kodiani yake nyekundu juu ya sanduku. Tata alikuwa ameokoka, na kanisani kwetu kodiani ilihesabiwa kuwa chombo cha ulevi, lakini kuitupa hakuweza. Mwanzoni aliifungua tu ili panya wasitoboe ngozi yake. Kisha alasiri moja nikasikia akiitafutia wimbo wa dini, kidole baada ya kidole, akikosea, akirudia, akijicheka. Baada ya wiki chache alikuwa anatunga nyimbo zake mwenyewe, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia, kwa maana sisi tulidhani nyimbo zote za Mungu zilikuja na meli pamoja na wamisionari. Mimi alinifundisha sauti ya pili. "Usinifuate, Wanjiru," alikuwa akiniambia. "Pita chini yangu. Nikipanda, wewe baki."

Wimbo aliomaliza kwanza ulikuwa mfupi. Ulimwomba Mungu kwamba anapotuhesabu langoni awahesabu pia walio mbali. Tata aliupeleka kwa Mzee Ezekieli, kiongozi wa kanisa letu, mtu mkavu aliyevaa koti siku zote, hata kwenye jua la saa saba. Mzee alisikiliza ubeti mmoja akainua mkono. "Nyokabi, chombo hicho kimechezesha watu dansi. Na wimbo wenyewe haumo kitabuni." Tata alirudi nyumbani, na kesho yake akauimba shambani, bila kodiani, katikati ya mikahawa. Kabla ya Jumamosi mistari yote ya wachumaji ilikuwa ikiuimba.

Hapo ndipo ulipowafikia walinzi. Watu wa msituni walikuwa na mtindo wa kutia maneno yao kwenye sauti za nyimbo za kanisa, na serikali ilijua. Mkuu wa walinzi, kijana wa kijiji kile kile aliyepewa bunduki na kofia, alimsimamisha Tata langoni tuliporudi. Nilikuwa nimeshika sketi yake.

"Hawa walio mbali ni akina nani? Wale wa msituni?"

"Ni mume wangu."

"Na wimbo umetungwa na nani?"

"Nimeutunga mwenyewe."

Mkuu wa walinzi alicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tuliwajua wanawake waliopitishwa mlango wa kambi ya walinzi na hawakuonekana tena. Akaagiza Mzee Ezekieli aitwe. "Mzee, wewe ndiye mwenye kanisa. Huu ni wimbo wenu au si wenu?"

Mzee aliomba ausikie wote. Tata akaanza, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikitetemeka. Nikaingia chini yake kama alivyonifundisha, nikabaki pale, na yeye akapata pa kusimama. Mzee alikuwa ameinamia kofia yake mikononi. Mwanawe wa pili naye alikuwa kizuizini, ingawa hakuwahi kumtaja mbele ya watu. Tulipomaliza aliivaa kofia, akamgeukia mkuu wa walinzi.

"Ni wimbo wa kanisa," akasema.

"Mbona mimi sijausikia?"

"Kwa sababu huji kanisani."

Tulipoachiliwa Mzee alitembea nasi hadi mlangoni kwetu. "Nyokabi, tangu nibatizwe sijasema uongo. Jumapili ulete hicho chombo, ili nililosema liwe kweli."

Hivyo ndivyo kodiani ilivyoingia kanisani kwetu. Wazee wawili walitoka nje. Mmoja alirudi kabla ya ubeti wa mwisho. Mwaka uliofuata Tata alikuwa akialikwa Thika, kwenye makanisa ya wafanyakazi wa mkonge, na watu wakienda makwao walizibeba nyimbo zake. Mume wake aliporudi, amekonda, viganja vimekakamaa, alimsikiliza akipiga, kisha akasema, "Ikae kwako. Vidole vyangu vimeisahau." Tata aliipiga miaka thelathini, na kila mara alimwekea mumewe kiti cha mbele.

Siku hizi naishi Thika. Kanisa letu lina vinanda vya umeme, ngoma na spika ndefu kuliko mimi, na mjukuu wangu hupiga gitaa madhabahuni bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nafurahi. Sitamani mtoto yeyote ajue hofu ya lango lile. Ila mwezi uliopita kijana anayeongoza kwaya alitangaza wimbo wa Tata kuwa ni wa zamani, hauna mwenyewe. Waliuimba vizuri sana, hata sauti ya pili ilikuwa mahali pake. Ibada ilipokwisha nilimfuata, nikamwambia una mwenyewe. Alishtuka, akatoa simu yake, akaniuliza jina linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, polepole, hadi alipomaliza.