Nilivyoanza kazi ya kusimamia nyumba Kuze, na ile boriti ya chumba cha mwisho

Wakuu, assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo. Mimi ni bibi wa watu, naandika kwa kidole kimoja. Haya yalinipata mwenyewe na sitatia chumvi. Daktari kanikataza hata ya chakula.

Miaka ya sitini, uhuru umeshapatikana, nilichukuliwa uanagenzi katika ofisi moja ya kusimamia nyumba za kupangisha. Ofisi iko mjini, nyumba zenyewe nyingi ziko Kuze, mtaani kwetu.

Wa kunifundisha alikuwa Mzee Twalib, mtu mstaarabu, kanzu yake haina mkunjo. Wakubwa walimwambia achukue msichana. Hakufurahi, wala hakukasirika. Alinipa miezi mitatu ya majaribio na kiti chenye mguu mbovu.

Kazi ilikuwa kukagua na kujaza fomu. Kuta, paa, mfereji, vyumba vya ndani.

Wiki mbili nilimfuata nijifunze. Anapiga hodi, anakaribishwa barazani, kahawa inakuja.

"Ndani hakuna neno?" anauliza.

"Alhamdulillahi, hakuna neno," anajibu mpangaji.

Mzee Twalib anaandika: vyumba vya ndani, vizuri. Tunaondoka.

Msimcheke. Ndani kuna wanawake, mwanamume wa kando haingii. Na mpangaji naye ana heshima zake, hawezi kulalamikia dari mbele ya mgeni aliyeshika kikombe. Kwa adabu hizo faili zilikuwa nzuri miaka kumi na moja.

Wiki ya tatu nikatumwa peke yangu kwa Bi Rukia, mama mtu mzima akikaa na mwanawe, mkewe na wajukuu wanne. Mwanawe akanikaribisha barazani. Mtoto wa kike nikae barazani nikifanya nini? Nikapita ndani.

Bi Rukia akanishika mkono mpaka chumba cha mwisho.

"Mwanangu, inua mato."

Nikainua macho. Boriti ya katikati imeliwa na mchwa, imepasuka, imetegemezwa kwa mti wa kuanikia nguo. Chini yake ni kitanda wanacholala wale wajukuu.

"Tangu lini, Bi?"

"Tangu huyu wa tatu hajazaliwa."

"Na hamkusema?"

"Nani aliyeniuliza mimi?"

Nikaandika: hatari, wahamishwe. Mzee Twalib akasoma, akavua miwani.

"Fomu kumi na moja zina sahihi yangu," akasema. "Andika upya, vizuri. Boriti tutaitazama baada ya mvua."

Kisha akanikumbusha, kwa upole, miezi yangu mitatu.

Niliogopa, wakuu, siwafichi. Baba alishawatangazia majirani wote kwamba bintiye ana ofisi. Lakini kila nikishika kalamu nawaona wale watoto. Sikuandika.

Asubuhi yake nikaenda kumwomba Bi Rukia awapeleke wanawake wote kwa jirani. Akajitanda buibui, akawatoa. Nikarudi ofisini.

"Mzee, ndani hamna mtu. Karibu ukague mwenyewe."

Udhuru hana tena. Akaja, akavua viatu, akapita ukumbi, akafika chumba alichokisifu mara kumi na moja.

"Kaa hapo kitandani, Mzee, uandike vizuri," nikamwambia.

Akainua macho. Hakukaa. Unga wa mchwa ukamwangukia begani, hakuupangusa.

"Watoto walilala hapa jana?"

"Walilala."

Akaandika amesimama mlangoni. Kabla ya magharibi familia ilikuwa imehamia nyumba nyingine ya ofisi iliyokuwa tupu.

Siku ya nne mvua ilikunya, na dari ikashuka yote juu ya pale palipokuwa na kitanda.

Mzee Twalib hakunisifu. Alinibadilishia kiti. Nikakikalia miaka mingi.

Nililojifunza: habari za chumba muulize anayelala ndani yake. Nanyi mliokagua nyumba kwa kahawa, semeni hapa, mabosi wenu hawamo.

Ila kabla hujaandika, hebu inua macho uitazame dari yako.