Msimu Baba Alipojifunza Kupika Minji

Ganda la minji mbichi, zile njegere za kijani, likibonyezwa kwa kidole gumba hutoa mlio mdogo, kisha punje hudondoka kwenye bakuli la bati, moja moja, kama mvua inayosita. Mlio huo ndio uliojaa jikoni mwetu Parklands mwaka ule mama alipohamia kwa dada yake. Nilikuwa darasa la nne. Niliambiwa kwamba mama mkubwa, aliyekaa mtaa wa Mountain View, anaumwa mgongo na anahitaji mtu wa kumsaidia. Niliamini, hadi Jumamosi ya kwanza baba aliponipeleka kumwona mama, nikamkuta mama mkubwa amesimama juu ya stuli akitundika mapazia. Baba hakuingia ndani. Alinishusha getini, akangoja mlango ufunguliwe, akageuza gari.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba hawakuwa wamegombana. Bibi yangu wa Mombasa alipenda kusema wagombanao ndio wapatanao, nami niliipindua methali hiyo kichwani bila kupata jibu: je, wasiogombana hupatana vipi? Baba alikuwa karani katika duka la vitambaa mjini, mtu asiyepandisha sauti hata mbele ya mpira wa televisheni. Mama naye alikuwa mwepesi wa kucheka. Haikuvunjika sahani kwetu. Siku moja tu kanga zake hazikuwapo kambani, nasi tukaanza kula mkate na mayai, asubuhi na jioni.

Msimu wa minji ulipofika, mama muuza mboga aliyekaa nje ya lango la fleti zetu alimwita baba. “Chukua hii, baba Zuhura, imetoka shamba leo. Ni tamu hata ukikula mbichi.” Baba akanunua. Tuliketi sakafuni tukazimenya, kisha akazipika kwa nazi kama mama, au alivyodhani mama hufanya. Zilitoka na rangi ya kaki, zimepondeka, na tui limekatika likaelea mabonge. Tulizila na chapati za kununua, kila mmoja akitazama sahani yake. Jumamosi nikamsimulia mama. Hakucheka.

“Alifunika sufuria?”

“Alifunika.”

“Mwambie asifunike. Zikifunikwa zinapoteza rangi. Na chumvi atie mwisho.”

Nikaufikisha ujumbe. Baba aliusikiliza amesimama, koti bado mwilini, akaurudia kwa sauti ya chini kama mwanafunzi wa madrasa. Tangu hapo nikawa mtu wa kupeleka na kuleta. Baba anauliza kitunguu kiwe chekundu au kilainike tu? Mama anasema kilainike, kisha kitunguu saumu na bizari nyembamba, na pilipili mbichi iingie nzima, asiipasue. Baba anauliza mbona tui linakatika? Mama anasema aanze na tui jepesi, lile zito alimimine mwishoni, moto ukiwa mdogo, na asiache kukoroga. Siku moja baba aliniuliza kama mama alicheka nilipomwambia habari za tui. Nikasema ndiyo, kidogo. Akataka kujua alichekaje. Nilijaribu kumwigiza nikashindwa. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: minji zikitoka sawa, mama atarudi nyumbani.

Zikatoka sawa. Zilikuwa kijani kabisa, kila punje imesimama peke yake ndani ya tui zito, majani ya dhania juu na ndimu kidogo, harufu imejaa hadi kwenye ngazi. Baba alionja, akaweka kijiko chini. “Ndizo hizi,” akasema. Akanifungia nyingine kwenye kibakuli nimpelekee mama.

Mama alikifungua akiwa amesimama, mezani kwa dada yake. Akaonja kwa ncha ya kidole, akaonja tena.

“Amezipata,” alisema.

Nikangoja aende kuchukua mkoba wake. “Basi sasa hamtahangaika tena,” akaongeza, akaingia chumbani akafunga mlango. Mama mkubwa akaongeza sauti ya redio. Jioni, garini, baba aliuliza amesemaje. Nikamjibu, amesema umezipata. Akaipita njia yetu ya kuingia Parklands, akaenda mbele sana ndipo akakumbuka kugeuza. Baada ya hapo hakuna aliyenituma tena neno. Mama akapanga nyumba yake mwenyewe.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, wanasema wahenga. Mimi sijui niko upande gani. Siku hizi minji huuzwa zimeshamenywa, ndani ya mifuko, msimu wowote, na watu wa rika langu huwaketisha watoto wao wakawaeleza kila jambo kwa jina lake. Mwanangu alijua maana ya talaka kabla hajajua jedwali la kuzidisha kwa saba. Sisi tulisomeshwa nyumba zetu kupitia chumvi na vifuniko vya sufuria, na sina hakika ni upi mzigo mwepesi. Wazazi wangu bado wazima, wanasalimiana vizuri kila Idi. Mama nikimuuliza, hujibu kwamba baba yangu ni mtu mwema, basi. Kwa hiyo mwaka huu, baba alipostaafu, nilimuuliza yeye waziwazi: kwa nini mama aliondoka?

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mimi nilikuwa nakungoja wewe, Zuhura,” akasema. “Wewe ndiye uliyekuwa ukitoka kwake kila Jumamosi. Nilidhani iko siku utaniletea na hilo.”